Mtoto Asiletwe Kituoni Kutishwa



Huletwa kituoni mtoto aliyenyamaza ghafla, anayekojoa kitandani au kutoroka shule, nasi huombwa tumtishe kidogo. Ombi hilo hatulikubali. Seli haimponyi mtoto mwenye hofu ya nyumbani kwao.

Mwaka 2018, nchini Rwanda, katika wilaya za Ngoma, Nyanza na Rubavu, hii inayopakana na Goma, watafiti waliujaribu mpango uitwao Sugira Muryango kwa kaya maskini zenye watoto wa miezi 6 hadi 36. Mkufunzi asiye daktari aliwaendea wazazi nyumbani, akawafunza kucheza na mtoto na kuituliza hasira. Vipigo kwa watoto vikapungua, ukatili baina ya wenzi ukapungua, na baba wakashiriki zaidi malezi. Watoto hao ni wadogo kuliko wanaoletwa kwetu, lakini chanzo cha hofu ni kile kile.

Basi mkija kumwona afisa wa watoto, njoni wazazi wote wawili; baba ndio tunaowakosa, hata mkutanoni hapa. Na palipo na kipigo, semeni. Tutakayemhoji ni mpigaji.