Ile metro ya zamani

Bandugu, bamama, na ninyi marafiki munaotusaidia toka mbali, siye tuliofika Paris mbele ya 1983 tuliwahi kupanda zile treni za chini ya udongo, Sprague. Mabehewa ya kijani, viti vya mbao. Lile jekundu la katikati ni klasi ya kwanza, halikuwa letu! Mlango unafungua mwenyewe, unainua kichuma kwa mkono. Na kelele: kuongea ni kupaza sauti, ndiyo vile tulisikiana Kiswahili, tukajuana, likirimba ikaanza.

Mwezi wa 4 wa 1983 ziliondolewa kwenye laini ya 9, ya mwisho.

Wazee wetu wa safari zile wamebaki wanne. Ukitaja metro wanacheka. Lakini dawa za mwezi huu hazijatimia. Kapu linapita sasa, franga ao dola, tunapokea.