Ombi Lenye Muda Finyu Halipati Zamu: Shule za Homa Bay na Migori katika Foleni ya Darubini za Mbali

Mada kwa semina ya walimu wa Fizikia, kaunti za Homa Bay na Migori

1. Utangulizi

Njia mbili za kugawa muda wa darubini tunazijua. Ya zamani humpa mtafiti usiku wake. Mawingu yakitanda, amekosa. Ya foleni huweka maombi yote pamoja, kisha huchagua linaloafikiana na hali ya anga ya saa hiyo. SALT, darubini kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2005, huendeshwa kwa foleni. Hapohapo mtandao wa Las Cumbres una darubini ndogo zinazopangiwa ratiba na kompyuta, na shule huweza kuzifikia kupitia miradi ya elimu.

2. Tatizo lenyewe

Kwa miaka mingi nimeona maombi ya wanafunzi yakikosa zamu, na lawama zote zikatupiwa mawingu. Bila kumnyooshea mtu kidole, niseme wazi: mengi yalishindikana tangu yalipoandikwa.

Chukua kundi la nyota la 47 Tucanae, mwezi Desemba. Huku kwetu halipandi zaidi ya nyuzi 18 hivi. Sutherland hufika nyuzi 50. Mwanafunzi wa Mbita anaomba picha kati ya saa 2:00 na 2:30 usiku, kwa kuwa kwake giza limeshaingia. Anageuza saa vizuri: 17:00 hadi 17:30 UTC. Lakini Sutherland ni saa 1:00 jioni, na mwezi huo jua la huko huzama saa 2 kasoro. Sisi wa ikweta, tuliozoea usiku usiobadilika, hilo hutupita. Ombi litakataliwa, au litakaa hadi muda wake uishe.

Hata angepata giza, nusu saa ya usiku mmoja haitoshi. Wingu likipita, au kazi yenye kipaumbele ikiichukua nafasi hiyo, basi. Angeandika 19:30 hadi 22:00 UTC kwa siku kumi, kundi lingali juu, kompyuta ingekuwa na pa kuchagua. Akiongeza sharti la usiku usio na mwezi kwa kundi angavu kama hilo, amejifungia mlango mwenyewe.

3. Mapendekezo

(a) Saa zote ziandikwe kwa UTC, na mwalimu azihakiki.
(b) Machweo ya kituo cha darubini yaangaliwe kabla ya kuchagua saa, si machweo ya Homa Bay.
(c) Muda wa ombi uwe siku kadhaa, si nusu saa.
(d) Sharti la mwezi liwekwe kwa vitu hafifu tu.
(e) Ombi lililokosa zamu lisomwe upya darasani kabla ya kulaumu mawingu.
(f) Wizara na kaunti zifikirie, kadiri bajeti itakavyoruhusu, kuzipa shule intaneti ya uhakika.
(g) Narudia: muda wa ombi upanuliwe.

4. Hitimisho

Walimu, kabla mwanafunzi hajatuma ombi, kaeni naye mlikague. Foleni haijui kama ombi limetoka Migori au California, huhudumia linalowezekana.