Hati za Mgeni Katika Nchi za Ghuba
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Voi



Kamati imeniagiza niseme juu ya hati anazopaswa kuwa nazo mtu wetu anayekwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, yaani Saudi Arabia, Qatar, Umoja wa Falme za Kiarabu, Omani, Kuwait na Bahrain. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni ya ukarani, na karani hujua jambo moja ambalo wakubwa wengi hulipuuza, kwamba kila karatasi ina wenyewe. Yuko aliyeiomba, yuko aliyeilipia, yuko aliyeitia sahihi, na yuko anayeiweka sandukuni mwake. Mara nyingi hao si mtu mmoja, na hapo ndipo shida ya watoto wetu inapoanzia.

Mnajua wenyewe kwa nini neno hili limeletwa mkutanoni. Chama hiki kiliundwa tupate kuzikana, kusaidiana katika ugonjwa, na kulipiana karo. Siku hizi wazazi hutujia na habari za namna nyingine. Binti yuko Riyadh na simu yake haipatikani. Kijana yuko Dubai, visa yake imekwisha, na faini ya dirhamu 50 inamhesabu kila kunapokucha. Mbuzi wameuzwa, shamba limewekwa rehani, kisha tunaombwa mchango. Mchango hatuukatai, lakini ni afadhali tuyajue mambo haya kabla mbuzi hawajatoka zizini.

Wazee walio hapa wamesikia kwa baba zao habari za kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushikwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi iliyotiwa katika kikebe cha kuvaa shingoni. Katika karatasi hiyo bwana wake aliandika siku aliyomwajiri, na mshahara wake, na siku aliyomwachisha. Mtu akiondoka kazini bila sahihi ya bwana, alihesabiwa kuwa mtoro na kushitakiwa, wala hakuweza kuandikwa kazi kwingine kwa njia ya haki. Haikuwa mpaka mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria nyingine, ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Nimeikumbusha habari hiyo kwa sababu utaratibu wa Ghuba uitwao kafala una undugu na kipande. Sisemi kwamba ni kitu kimoja. Mtu wetu huenda huko kwa hiari yake, na wako waliojenga nyumba za mawe na kusomesha wadogo zao kwa fedha walizochuma huko. Kuwanyima sifa yao itakuwa dhuluma. Lakini undugu upo. Mgeni wa kawaida huko hawi mkaazi kwa nafsi yake, bali hukaa chini ya dhamana ya mwajiri, ambaye huitwa kafili. Kafili ndiye aombaye visa ya kuingilia, na ndiye akataye kibali cha ukaazi, ambacho katika Saudi Arabia huitwa iqama. Sheria ya huko humpa mwajiri siku 90, tangu mgeni aingie nchini, awe ameikata. Asipoikata, au asipoihuisha ikiisha muda, mwenye kosa ni yeye. Lakini anayesimamishwa njiani na askari ni mfanyakazi. Tena kafili akipeleka taarifa kwamba mtu wake ametoroka, taarifa ambayo wenyeji huiita huruub, hati za mtu huyo huweza kupoteza nguvu hata kama alichokikimbia ni kipigo.

Yako mambo yaliyogeuzwa. Qatar katika mwaka 2018 iliondoa ruhusa ya mwajiri ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi, na Januari 2020 jambo hilo likawafikia watumishi wa nyumbani. Mwaka huohuo wa 2020 ikaondoa ile barua ya mwajiri iliyotakiwa kabla mtu hajahamia kazi nyingine. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara huko kimekuwa riyali 1,000 kwa mwezi, na kuongezewa riyali 500 za malazi na 300 za chakula kwa asiyepewa vitu hivyo na mwajiri. Saudi Arabia nayo ilileta mageuzi yake Machi 2021, ila watumishi wa nyumbani hawakutiwa humo, nao ndio wengi miongoni mwa binti zetu waendao huko. Basi mtu akiwaambieni kuwa kafala imekwisha, mwulizeni imekwisha katika nchi gani, na kwa kazi gani.

Sasa tuanze nyumbani. Pasipoti huombwa kwa njia ya eCitizen, kisha mwombaji hana budi kufika mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji, na kwetu sisi iliyo karibu ni ya Mombasa. Cheti cha tabia njema hutolewa na Idara ya Upelelezi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Malipo ya Serikali hupitia namba moja, 222222. Mtu ye yote hapa mjini, awe amevaa suti au amepanda pikipiki, akitaka ada ya pasipoti itumwe katika simu yake mwenyewe, huyo hana ofisi. Tena kuna upimaji wa afya katika zahanati zilizokubaliwa na nchi za Ghuba, na mafunzo ya kazi za nyumbani yanayosimamiwa na NITA. Hayo sitayakawilia, yana usumbufu na nauli nyingi, lakini njia yake inajulikana.

Ila kuna neno dogo la jina. Sisi Wataita tumezoea kuandikwa kila mtu kwa sikio lake. Mghoi huwa Mgoi, na Wakesho huwa Wakeshu, kwa kadiri ya karani aliyekuwa zamu siku hiyo. Hapa kwetu hakuna anayejali. Lakini jina la cheti cha kuzaliwa likihitilafiana na la kitambulisho, na la kitambulisho likihitilafiana na la cheti cha shule, ofisi ya ugenini huona watu watatu. Yafaa jina lisahihishwe mapema, wakati ambapo nauli ni ya kwenda Wundanyi tu.

Hati ninayotaka tuikawilie ni mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, yasema kwamba mkataba wa kazi ya ng'ambo sharti uandikwe kwa namna iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote mbili, kisha uthibitishwe na Ofisa wa Kazi. Kifungu cha 84 kinamkataza Ofisa huyo asiuthibitishe mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali mwenyewe, kwamba hakudanganywa wala kulazimishwa, kwamba ameyafahamu masharti yake, na kwamba ana afya ya kuiweza kazi hiyo. Kifungu cha 86 kinamfanya kuwa mkosaji yule amshawishiye mtu kwenda ng'ambo bila mkataba wa namna hiyo.

Fikirini jambo hili, Wazee wangu. Katika safari nzima ya huyu binti, kutoka Voi mpaka mlango wa nyumba atakayofanya kazi, Ofisa wa Kazi ndiye mtu anayetakiwa na sheria amtazame usoni na kumwuliza, "Je, umeyaelewa haya uliyoyatia sahihi?" Nao mawakala wabaya kituo hicho ndicho wanachokiruka. Mkataba huonyeshwa uwanja wa ndege, usiku, ndege ikiwa karibu kuondoka, na pengine mtu hupewa kurasa za mwisho tu azitie sahihi. Akifika huko huletewa mwingine ulioandikwa kwa Kiarabu, na penye hitilafu Kiarabu ndicho kinachofuatwa mbele ya hakimu. Asiye na nakala ya mkataba wa kwanza atashindana kwa maneno matupu.

Wakala naye ana leseni yake, ambayo huandikishwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na majina ya wenye leseni hutangazwa wazi. Mwaka 2014 Serikali ilifuta leseni za mawakala kwa mamia na kuzuia watumishi wa nyumbani wasipelekwe Mashariki ya Kati. Zuio hilo likaondolewa mwaka 2017. Leseni huisha muda wake, na huweza kufutwa, kwa hiyo jina lililokuwa katika orodha miaka miwili iliyopita si ushahidi wa leo. Na yule ajaye nyumbani kwenu akisema ametumwa na wakala wa Nairobi, huyo si wakala, ni dalali. Mwulizeni barua.

Kuna njia nyingine inayowapendeza vijana kwa kuwa ni ya haraka, nayo ni kwenda Dubai kwa visa ya matembezi, kusudi mtu atafute kazi akiwa huko. Kutafuta si kosa. Kufanya kazi kwa visa hiyo ndilo kosa, na mwajiri anayekubali kumtumia mtu hivyo hujua kwamba mtu huyo hawezi kumshitaki. Katika Falme za Kiarabu kazi ya halali huanza kwa barua ya ajira iliyotiwa sahihi, ikafuatwa na kibali cha kazi, na upimaji wa afya, na kitambulisho cha ukaazi. Gharama za hati hizo ni za mwajiri kwa sheria. Mwajiri anayemkata mtu mshahara ili ajilipe ada ya kibali amevunja sheria ya nchi yake mwenyewe.

Voi ni mji wa madereva, kwa hiyo nawaomba mniruhusu niseme nao kidogo. Mtu ameendesha trela kati ya Mombasa na Malaba miaka kumi, anaijua barabara ya Mackinnon Road usiku kama ajuavyo ua wake, na leseni yake ya NTSA ni ya daraja kubwa. Akifika Dubai akisha kupewa ukaazi, leseni hiyo haigeuzwi kuwa ya huko kwa kubadilishana tu, kama ilivyo kwa watu wa nchi zilizopatana. Hana budi kufanya mtihani wa huko, na mara nyingi kusoma kwanza katika shule ya udereva, kwa fedha nyingi. Kile kibali cha kimataifa cha kuendeshea ni cha mgeni mpita njia; mtu akisha kuwa mkaazi hakimfai tena. Basi dereva asipande ndege mpaka mkataba wake uonyeshe nani atalipa shule na mtihani, na atakula mshahara gani katika miezi hiyo, na akianguka mtihani itakuwaje. Wako waliokwenda kama madereva wakajikuta wanapakia mizigo bohari.

Wauguzi na waalimu hutakiwa zaidi. Vyeti vyao husafiri kabla yao: hupata mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha wa ubalozi wa nchi waendayo, na vya wauguzi huulizwa tena katika chuo chenyewe kilichovitoa, kabla ya mtihani wa leseni. Huo ni mwendo wa miezi. Mwenye haraka asiuanze.

Juu ya pasipoti yenyewe, sheria ya Qatar ya mwaka 2015 na ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 zinamkataza mwajiri kuishika. Huishika hata hivyo, wengi wao, wakisema ni kwa usalama. Sitawadanganya kwamba binti aliye peke yake katika nyumba ya watu ataweza kubishana nao usiku wa kwanza. Anachoweza ni kuwa amekwisha acha nakala nyumbani kabla hajaondoka, na kuandikisha jina lake katika ubalozi wetu. Kenya ina balozi Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Muscat na Kuwait. Aendaye Muscat ana bahati moja, kwamba huko wako Waomani wengi waliokulia Unguja na pwani yetu, nao husema Kiswahili kizuri kuliko changu. Pengine atakutana na mmoja wao dirishani.

Wazee, kuna jambo zito zaidi. Mtu akifia huko, maiti hairudi kwa machozi wala kwa mchango peke yake. Hutakiwa cheti cha kifo, na ruhusa ya polisi, na barua ya ubalozi, na pasipoti, na mwajiri kukamilisha sehemu yake. Ubalozi utauliza: mwajiri ni nani, namba ya iqama ni ipi, wakala alikuwa nani? Mama aliyeko Sagalla au Kasigau atajibu nini, ikiwa alichonacho ni picha ya mtoto na namba ya simu isiyoita?

Kwa hiyo naleta mambo mawili. La kwanza, Katibu afungue daftari ya watu wetu walioko ng'ambo, na kila aondokaye aache nakala ya pasipoti, ya visa, ya mkataba, jina na namba ya leseni ya wakala, na anwani ya mwajiri. Akisha pata kibali cha ukaazi, atume nacho picha yake. Daftari itafungwa kabatini, wala haitasomwa na mtu ila Katibu na Mwenyekiti, maana mambo ya watu si ya kutangazwa sokoni.

La pili najua halitawapendeza baadhi yenu, hasa wenye watoto walio karibu kuondoka. Naomba Mfuko wa Chama usimkopeshe nauli ya Ghuba mtu asiyeleta mkataba uliothibitishwa na Ofisa wa Kazi. Mzee mmoja aliniambia jana kwamba huko ni kumfungia maskini mlango, kwa kuwa kumngoja Ofisa ni kupoteza nafasi. Nilimjibu kwa heshima kwamba nafasi isiyoweza kumngoja Ofisa wa Kazi wiki mbili, ningependa kwanza nijue inamkimbia nani. Hakuridhika, na ana haki ya kusema leo.

Azimio lenyewe limeandikwa katika ukurasa wa pili wa ajenda. Bwana Mwenyekiti, naliweka mbele ya mkutano.