Oksijeni Isiyo na Leja: Matibabu ya Nimonia ya Watoto katika Hospitali za Wilaya

Mada kwa semina ya waganga wafawidhi na wauguzi wa wodi za watoto



Nimeombwa nieleze mwelekeo wa huduma kwa watoto wanaolazwa kwa magonjwa ya njia ya hewa. Kuhusu maana ya nimonia sitawachosha. Hapa hakuna asiyejua kwamba mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayevuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika anapumua haraka, na kwamba akifikisha mwaka kiwango hushuka hadi 40.

Mengi yamebadilika kuwa mema. Kinga ya Hib iliingia nchini 2009 ndani ya chanjo ya pentavalenti, na kuanzia 2013 watoto wetu wanapata chanjo ya nimonia. Tangu 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani, lakini hana dalili za hatari, atibiwe nyumbani kwa amoksilini ya kumeza. Zamani huyo tulimlaza na kumchoma sindano. Kwa hiyo anayestahili kitanda leo ni yule aliyezidiwa: hanyonyi, amelegea, midomo imegeuka rangi. Antibiotiki peke yake haimtoshi. Anahitaji oksijeni, na anaihitaji sasa hivi. Naomba tutulie hapo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ya wilaya nilikokuwa nikifanya kazi, niliitwa usiku kumwona mtoto wa miezi 8. Mbavu zilikuwa zikivutwa ndani, pua zinapanuka, anaguna kila akitoa pumzi. Kipima oksijeni tulichokuwa nacho kilikuwa cha mtu mzima. Kila tulipokibana kwenye kidole chake kilichomoka. Tukakifunga kwa plasta kwenye kidole gumba cha mguu, kikasoma asilimia 78. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo mashine ya kuzalisha oksijeni haikuwa na msaada. Pembeni ulisimama mtungi mkubwa, umejaa. Spana ya kuufungulia haikuwepo. Mlinzi akatumwa kwa fundi; fundi akasema spana anayo dereva; dereva amesafiri na mgonjwa wa rufaa. Muuguzi wa zamu akatoka na tochi kwenda kumgongea jirani mwenye gereji. Zilipita dakika 40, mama amempakata mwanawe, anamhesabia pumzi kwa sauti ya chini. Mtoto yule alipona. Juma lililofuata alikuja mwingine. Spana tulikuwa nayo, mtungi ulikuwa mtupu. Huyo hakupona.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Fundi alikuwa mmoja kwa hospitali nzima, na halmashauri ina mahitaji mengi. Lakini nimehama vituo, nimeandika ripoti, nimekaa vikao, na kila nilipokwenda nimekuta jambo lile lile. Amoksilini ikipungua, mfamasia anajua, kwa sababu kila kopo lina mstari kwenye leja. Oksijeni nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini leja yake sijaikuta. Mfamasia anaiita kifaa, fundi anaiita dawa, mhasibu anaiita gesi. Mtungi unabaki bila mwenyewe, na kuisha kwake tunakujua mtoto akiwa tayari kitandani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtungi wa lita 6,800, kwa mtoto mmoja anayepewa lita 1 kwa dakika, unakwenda saa 113, karibu siku tano. Watoto watatu wanaumaliza kabla ya siku ya pili kwisha. Nani kati yetu ameipiga hesabu hii Ijumaa jioni, kabla ofisi hazijafungwa?

Kwamba inawezekana, tunajua. Papua New Guinea, Trevor Duke na wenzake waliweka mashine za oksijeni na vipima oksijeni katika hospitali tano, wakafundisha wauguzi na mafundi. Utafiti wao wa 2008 ulionyesha vifo vya watoto waliolazwa kwa nimonia vikishuka kutoka asilimia 4.97 hadi 3.22.

Bila kuingilia mamlaka ya Wizara, napendekeza oksijeni ifunguliwe leja kama dawa nyingine, chini ya mfamasia kwa jina lake. Kila zamu isome geji na kuandika kabla ya kukabidhiana. Kila mtoto mwenye kikohozi au anayehema apimwe oksijeni mapokezi, kwa kibano cha mtoto, na akiwa chini ya asilimia 90 aanzishiwe kabla faili halijafunguliwa. Vipima visifungiwe kabatini kwa kuogopa wizi. Vichujio na vipuri vya mashine viingizwe kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, na fundi apewe siku maalumu ya kuzikagua. Mtungi wa akiba uwepo wodini hata pale penye mashine, maana umeme hukatika. Gari la rufaa lisiondoke na mtoto kabla oksijeni haijapigiwa hesabu kwa saa za safari. Vifo vya nimonia vijadiliwe pamoja na leja ya oksijeni ya siku ile. Narudia leja kwa makusudi: zamu isome geji, mfamasia aagize mapema, mhasibu ajue kiasi kabla ya Ijumaa.

Na spana ifungwe kwa mnyororo kwenye kila mtungi, mtakaporudi vituoni, bila kusubiri waraka.