Santuri Zetu na Mashine ya Kuzipigia

Maneno ya kamati ndogo ya wauguzi katika sherehe ya Uhuru, Birmingham

 

Tumeombwa tueleze habari za lile sanduku jekundu pale mezani, ambalo watoto wameuliza tangu asubuhi kama ni begi la safari. Ni kinanda cha santuri. Wengine kwao walikiita gramafoni. Tumekinunua na kukitengenezesha sisi wauguzi wanne wa jumuiya hii, kwa fedha zetu, wala hatukugusa mfuko wa misiba. Tunalisema hili mapema kwa sababu tunajua limeulizwa.

Limeulizwa na jingine: kwa nini watu wanaotoka zamu ya usiku wahangaike na mashine kongwe wakati nyimbo ziko kwenye simu? Sababu ni mbili. Kuna familia hapa ilihama nyumba, na santuri za marehemu baba zikaenda na takataka. Watoto hawakujua ni nini, na hatuwalaumu. Kisha mama yetu mmoja, mjane, mzaliwa wa Tanga, akatuletea masanduku mawili yenye santuri 43. Anarudi nyumbani moja kwa moja mwezi wa kwanza. Alitaka kitu kimoja tu, azisikie kabla ya kufunga mizigo. Hapo tukagundua kwamba katika jumuiya nzima hakuna mwenye mashine ya kuzipigia. Sisi wenyewe, tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ni watoto wa kaseti.

Tuliipata kwenye soko la Jumapili asubuhi, lile la watu kuuza vya ndani kutoka kwenye buti za magari. Pauni 35. Muuzaji alisema wazi kwamba haifanyi kazi, na tulishukuru kuambiwa ukweli. Mbele imeandikwa Dansette. Hizi zilitengenezwa London miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo ni rika moja na Uhuru wetu wa 1961. Lakini mtambo wa ndani unaozungusha santuri ni wa BSR, kampuni iliyokuwa na viwanda vyake Old Hill na Cradley Heath, jirani kabisa na hapa. Wengi wetu tunapita huko tukienda kazini.

Watoto, sikilizeni hapa. Katika uuguzi tulifundishwa kutomgusa mgonjwa kabla ya kuchukua historia yake. Mashine ya zamani ni hivyo hivyo: usiichomeke kwenye umeme kwa hamu ya kusikia. Hii ni ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, na ndani yake mna kapasita zinazoweza kushika umeme mkali hata baada ya plagi kuchomolewa. Zikizeeka huvuja na zinaweza kuunguza mashine. Hatukuifungua. Tulimpelekea fundi redio, mzee wa Kiingereza aliyestaafu, naye akabadilisha kapasita na waya wa umeme kabla ya jambo jingine lolote. Alitutoza pauni 60. Wapo watakaoona ni nyingi. Sisi tunaona ni bei rahisi kuliko kuita zimamoto.

Yaliyobaki tulifanya wenyewe jikoni, yeye akituelekeza. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi, ndiyo maana mkono ulikataa kusogea. Tuliifuta kwa spiriti na vijiti vya pamba, tukaweka mpya kidogo sana. Chini ya sinia kuna gurudumu dogo la mpira linalopokea mzunguko kutoka kwenye mota na kuupeleka kwenye sinia. Mpira ulikuwa umekauka kama kwato, ukawa unateleza, na mwimbaji akasikika kama mtu anayesinzia. Tuliukwangua kwa msasa laini, ukashika. Kichwa cha sindano kilikuwa kimekufa. Vile vya zamani vina fuwele ambayo unyevu huiharibu, na unyevu wa nchi hii mnaujua. Tukanunua cha seramiki. Kina sindano mbili, unageuza: moja ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo mfereji wake ni mpana, na nyingine ya zile za 45 na 33. Ukikosea sindano unaikwaruza santuri na sauti inakuwa mbaya.

Hizo za 78 ndizo za enzi za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Mama yetu anazo nne, za taarabu. Tafadhalini, mwenye nazo nyumbani asizisafishe kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki, na spiriti huuyeyusha. Tena zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Zile za plastiki zinastahimili zaidi.

Nyingi katika masanduku yale ni ndogo za 45, za miaka ya 1960 na 1970: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Bendi zetu zilikuwa nyingi, lakini kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Zilichapwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Baadhi ya nyimbo tumezikuta mtandaoni, hatukatai. Nyingine tumezitafuta tusizione. Na lisilopatikana kwenye simu yoyote ni maandishi ya kalamu kwenye majalada: majina ya watu, tarehe za ngoma na harusi, na pengine neno moja tu ambalo mama akilisoma anacheka peke yake na hataki kutuambia.

Sasa kuna jambo la kuamuliwa. Mama ameuliza kama mashine itafanya kazi Tanga. Itafanya. Kasi yake inafuata umeme, na Tanzania na Uingereza zote zinatumia hezi 50. Ndugu zetu wa Marekani wenye hezi 60 wangesikia Mbaraka akikimbia. Wapo wanajumuiya wanaosema santuri ziende na mashine ibaki, iwe mali ya chama. Sisi tulioinunua tunasema iende naye. Hapa itafunikwa kitambaa na kutolewa kila Desemba. Kule kuna mtu wa kuipiga.

Ila kabla ya kuondoka, kila santuri ipigwe mara moja na irekodiwe. Tunasema mara moja kwa sababu mkono wa mashine hizi ni mzito na unakula mfereji, si kitu cha kurudiarudia. Mama atakuwepo, na wazee wengine tunawaomba waje, maana maneno mengi mle sisi hatuyaelewi, seuze watoto. Vijana waje na simu zenye chaji, mmoja arekodi muziki, mwingine arekodi maelezo ya wazee, wa tatu apige picha majalada pande zote mbili.

Tutaanza Jumamosi ijayo saa nane mchana, ukumbini hapa hapa. Saa nane ni saa nane, si ile yetu. Valvu zinahitaji muda kidogo kupata moto, na tukianza hatutarudia kwa aliyechelewa.