Jina la Tovuti Yenu Liko kwa Nani?

Msikilizaji, wewe uliye kwenye kamati ya shirika lisilo la kiserikali, nakuuliza: jina la tovuti yenu limesajiliwa kwa nani?

Wengi hujibu haraka, "Kwetu, bila shaka." Kumbe liko kwa kijana aliyeitengeneza. Akihama au akibadili namba ya simu, hakuna mwenye nenosiri.

Jina la tovuti, kama lile linaloishia na .or.tz kwa mashirika ya Tanzania, halinunuliwi likawa lako milele. Hulipiwa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. Muda ukikaribia kuisha, taarifa hutumwa kwa barua pepe ya aliyesajiliwa. Ninyi hamsikii kitu. Tovuti inazimika. Barua pepe zinazotumia jina hilo nazo zinakatika. Baadaye mtu baki anaweza kulichukua jina, akaweka matangazo ya kamari. Hebu fikiria mfadhili wenu akifungua ukurasa huo!

Basi wiki hii mpigieni fundi wenu. Kwa upole, maana mara nyingi hakuwa na nia mbaya. Mwambieni usajili uwe kwa jina la shirika. Shirika, si fundi. Barua pepe iwe ya ofisi, tena isiyotegemea jina la tovuti hiyohiyo. Nenosiri walijue watu wawili, tuseme katibu na mhasibu.

Narudia: usajili uwe wa shirika, si wa fundi. Hamjui pa kuanzia? Muulizeni swali moja: "Tunalipia wapi, na lini?" Tarehe atakayoitaja, iandikeni kwenye kalenda ya ukutani.