Jadweli ya Maji Kwanza: Matembezi ya Vikundi Mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar



Nimeombwa nizungumzie matembezi ya vikundi kandoni mwa bahari, kutoka Malindi hadi Shangani. Njia hii sisi waongozaji tunaipita kila siku, na wengi wetu tunaipita vibaya. Kikundi huchukuliwa hotelini baada ya chai, kikasimamishwa mbele ya kila jumba, kikatajiwa mwaka na jina la Sultani, basi, safari ikaendelea. Muda wote huo bahari iko migongoni mwa wageni. Hoja yangu ni kwamba matembezi ya pwani yapangwe kwa maji, na saa ya hoteli ifuate nyuma.

Hesabu yenyewe wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvu, na hapa kwetu bamvu lina tabia yake: hujaa mnamo saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kufika mita 4. Maji mafu huenda kinyume: hujaa asubuhi, hupwa alasiri, na tofauti yake ni ndogo. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kupanga wiki yake bila ya kugusa simu. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, takriban, ni bamvu; tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 ni maji mafu. Jadweli ya bandari ni ya kupatia dakika tu.

Sasa tuione faida yake. Asubuhi ya bamvu, anzeni mapema Malindi, kwenye diko, wakati samaki wa usiku wakinadiwa. Hapo mwongozaji hana haja ya kusema sana. Mnadi anataja bei, wachuuzi wanapandishiana, changu na jodari wanahamia mikono mingine kabla mgeni hajajua nani amenunua. Simameni pembeni, njia ya wachukuzi iachwe wazi. Kufika saa 4 maji yametoka, na vyombo vilivyopwelewa vimelala ubavu mchangani. Huo ndio wakati wa fundi. Ana saa chache tu za kukalafati, kusukumiza pamba kwenye nyufa baina ya mbao, kabla maji hayajarudi kumfukuza. Nimeona wageni waliopiga miayo mbele ya milango ya nakshi wakichuchumaa hapa wakiuliza maswali mpaka fundi akacheka. Kutoka hapo fuateni Barabara ya Mizingani, na mkifika Shangani mtapata mchanga wa kutembelea ambao jioni ya siku ile ile haupo, kwa kuwa maji yatakuwa yamegonga kuta.

Jioni hiyo nendeni Forodhani. Bustani ile iliyotengenezwa upya na mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa mwaka 2009 inajulikana kwa vyakula vyake vya usiku, lakini maji yakijaa kuna makachu: vijana wanakimbia na kuruka ukutani, wanapinduka hewani, wanaingia baharini. Maji yakiwa yamekupwa hakuna mchezo, kwa sababu chini ni mawe. Mwongozaji aliyekuja saa 4 asubuhi akawaahidi wageni makachu amejiaibisha mwenyewe. Na kamera zisitolewe kabla ya kuzungumza na vijana. Wengine sasa ni kazi yao, na kijisenti ni haki yao.

Majumba hatuyaachi. Beit el-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki. Nasikia bado wapo wanaoisimulia kama kwamba imesimama nzima. Semeni kilichotokea. Kisha elezeni nyumba hizi zimetengenezwa kwa nini: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi vya mji huu ni virefu na vyembamba. Mgeni akishaelewa hilo, nyumba na jahazi kwake vinakuwa habari moja, na hapo ndipo matembezi ya pwani yanapopata maana.

Kuhusu ukubwa wa kikundi nitakuwa mkali kidogo. Zaidi ya watu 10 ni msafara. Barabara ya Mizingani itawabeba, lakini mkikata kuingia vichochoroni mtaziba njia ya mwenye baiskeli, ya mtoto anayekwenda chuoni, na ya mama aliyebeba kapu. Barazani mtu amekaa kwake. Baraza halikuwekwa pale kwa ajili ya kupumzisha wageni, na mwenye kutaka kukaa apige hodi kwa salamu. Papasi, wale wanaowaandama wageni mitaani, watawafuata, hilo halikwepeki. Wajibuni kwa upole, maana kesho mtakutana nao tena na wageni hawatakuwapo.

Siku za maji mafu mpango ugeuzwe: asubuhi vichochoroni, kwenye kivuli, na alasiri mteremke Shangani.

Kabla hatujavunja kikao, naomba tukubaliane jambo moja. Kila ofisi inayopokea oda za matembezi iandike, karibu na saa ya kuondoka, saa ya maji kujaa na kupwa kwa siku ile. Na mteja akitaka kubadilishiwa saa, aambiwe wazi atakachokosa, kabla ya kulipa.